Kasuku Aliyegoma Kukaribishwa: Mshauri Atoa Uamuzi

SWALI: Msomaji wa Kwihara ameandika kuwa kasuku wake mpya, mwenye mkia mwekundu, aliyeletwa kutoka Kigoma, amejibanza pembeni mwa tundu, hataki kula mbele ya watu, na humng'ata kila anayeingiza mkono. Anauliza amtoe lini.

JIBU: Swali hili limefika panapostahili, kwa kuwa ni watu wachache sana katika ukanda wote wa Reli ya Kati wenye uwezo wa kulijibu kwa kina, na kati ya hao wachache ni Mshauri peke yake aliyekubali kufanya hivyo bila malipo. Ieleweke pia kwamba Mshauri hufikiri chini ya mwembe, akiwa na chai iliyotiwa asali ya miyombo, yaani asali ya nyuki wa misitu mikavu inayouzunguka mji wa Tabora, na kwamba asali hiyo ilikwisha wiki iliyopita. Wasomaji wenye shukrani wanajua la kufanya.

Ndege aliyeelezwa ni kasuku wa kijivu, ambaye makao yake ya asili ni misitu ya Kongo, ikiwemo ile ya Manyema, iliyofikiwa na misafara ya pembe na watumwa iliyopita Tabora na Ujiji kisha ikavuka Ziwa Tanganyika. Historia ya njia hiyo inaonyesha kuwa mgeni wa Tabora hakuharakishwa. Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea na safari, na mmisionari Livingstone alikaa Kwihara kwenyewe, karibu na Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872. Ikiwa wanaume hao, waliokuja kwa hiari yao, walihitaji muda wote huo, ndege ambaye hakuulizwa hawezi kunyimwa wiki mbili.

Katika wiki hizo Mshauri ameagiza utaratibu alioubuni mwenyewe, ambao vyuo vikuu bado havijauomba. Mwenye nyumba atajiteua kirangozi, yaani kiongozi wa njia aliyeutangulia msafara akiwa amejipamba manyoya kichwani, ila manyoya hayo yasiwe ya kasuku, kwani ndege atadai maelezo. Kila apitapo mbele ya tundu atalipa hongo, ule ushuru ambao misafara iliwalipa watemi ili ipite nchini mwao: punje moja ya alizeti, ikipenyezwa polepole kati ya nyaya, bila kuingiza mkono na bila kumkodolea ndege macho. Anayeng'ata ni Mirambo mdogo. Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 akiwa na sababu zake, na wafanyabiashara wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, waliomwendea kwa bunduki walirudi mbio.

Tundu liegemezwe ukutani ili ndege asihofie kuvamiwa kutoka kila upande, likae mbali na jiko, kwa sababu mvuke wa kikaango kisichoshika chakula, kikipashwa moto kupita kiasi, huua ndege upesi, na parachichi asipewe hata akililia. Jioni asomewe safu hii kwa sauti ya chini, kuanzia toleo la kwanza, kisha tundu lifunikwe kwa kitambaa chepesi apate usingizi wa saa 10 hadi 12. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg nchini Marekani hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, alijua maneno zaidi ya 100, na inasikitisha kwamba hakuna hata moja alilolipata kwa Mshauri.

Nafasi imekwisha. Kasuku wa kijivu aliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kwa anayefuga mnyamapori. Kwa hiyo msomaji aanzie ofisi ya wanyamapori, maana "ametoka Kigoma" si kibali. Siku ndege atakapokula karanga kiganjani bila kurudi nyuma, madirisha yafungwe, feni izimwe, na mlango wa tundu uachwe wazi atoke mwenyewe. Msomaji wa Sikonge aliyeuliza kuhusu mkwewe aliyenuna afuate utaratibu huohuo, aanze na karanga.