Dramu ya Inchi 11 kwa Safari ya Maonyesho

Mfufuaji wa gari la Chevelle la 1970 hufungua gurudumu la nyuma, akakuta dramu ya breki ya inchi 9.5 yenye upana wa inchi 2, akaona haya. Haya hiyo haikuletwa na breki. Imeletwa na jirani mwenye Dodge yenye injini ya Hemi, ambayo dramu zake ni inchi 11. Basi naye anasaka za 11, kwa gari litakalotoka Jumapili kwenda kupigwa picha na kurudi. Bahati mbaya, ukikanyaga breki uzito hukimbilia mbele, mkia hubaki mwepesi, na dramu kubwa kule nyuma huwahi kufunga tairi. Gari likageuka kutazama lilikotoka. Atasema dramu kubwa huhimili joto. Kweli, na anayevuta tela milimani amsikilize. Atasema pia ipo vali ya kupunguza shinikizo la nyuma. Ipo, tena inauzwa: unalipia ukubwa, kisha unalipia kuupunguza! Kama mbele bado kuna dramu, fedha hizo zingenunua diski, maana huko ndiko kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanyika. Nyuma, 9.5 nzima zinamtosha.