Ngeli za Fonti: Mchango Mdogo katika Sarufi ya Ufungashaji

Wanasarufi wamezigawa nomino zote za Kiswahili katika ngeli, na mpaka leo hawajakubaliana ziko ngapi. Makala haya yanapendekeza uainishaji wa aina hiyo hiyo kwa kundi ambalo wamelipuuza bila sababu ya msingi: fonti za Yunikodi zinazosubiri kufungashwa kwa ajili ya Debian, distro ya Linux iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Debian imeteuliwa kwa wingi wa kanuni zake. Pasipo na kanuni nyingi hapana sarufi, na pasipo na sarufi hapana makala.

1. Usuli

Asiyejua hudhani kufungasha fonti ni kazi nyepesi, na kwa upande wa mitambo hajakosea. Kifurushi cha .deb kina vitu vitatu tu: faili fupi lenye maandishi "2.0", furushi la maelezo na furushi la data. Fonti huwekwa chini ya /usr/share/fonts, programu ya fontconfig inashtuka yenyewe na kusasisha orodha yake, na mfungashaji anamaliza kabla chai haijapoa. Hakuna hata haja ya kuandaa kifurushi tofauti kwa kila aina ya prosesa.

Kwa nini basi kazi hiyo huchukua miezi? Nadharia yetu ni kwamba ngeli ya fonti haitokani na umbo la herufi zake. Inatokana na asili yake na idhini ya aliyeichora. Herufi "a" haina mwenyewe; mchoro wa "a" unaye, na mara nyingi hapatikani.

2. Ngeli zenyewe

*A-WA (viumbe hai).* Humu zimo fonti ambazo mwenyewe yupo, anajibu barua pepe na anatoa matoleo mapya. Mifano bora hutoka shirika la SIL: Gentium, Charis, na Andika, ambayo ilichorwa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza kusoma. Fonti hizi huja na faili la leseni na faili la historia yake, yote mahali pake. Mfungashaji aliyezoea shida huzikagua mara mbili, akiamini kuna kitu amefichwa.

Mwanafunzi makini atauliza: fonti iliyonyamaza je? Sarufi ilishajibu. Marehemu ni wa A-WA: marehemu amezikwa, marehemu ameacha madeni. DejaVu ilitoa toleo la 2.37 mwaka 2016 na kutulia, ila bado inasomwa kwenye kompyuta nyingi za Linux. Ukoo wake una kisa. Mzazi wake ni Bitstream Vera, iliyoachiwa huru mwaka 2003 kwa sharti kwamba mtoto yeyote atakayezaliwa kwake asitumie neno "Bitstream" wala "Vera". Ni urithi wa mali yote isipokuwa ubini.

*LI-YA (ukubwa).* Hii ni ngeli ya majitu. Toleo la 16.0 la Yunikodi, la mwaka 2024, lina herufi 154,998. Faili moja la OpenType haliwezi kubeba glifu (michoro ya herufi) zaidi ya 65,535, kwa kuwa namba za glifu huhesabiwa kwa biti 16. Kwa hiyo yule mteja anayedai "fonti moja yenye kila kitu" anadai kisichowezekana kihesabu, na aelezwe hivyo kwa upole. Noto ya Google inakikwepa kikwazo hicho kwa kuwa ukoo wa fonti nyingi. Hata hivyo, tawi lake la Kichina, Kijapani na Kikorea, lililotengenezwa pamoja na Adobe na kutolewa mwaka 2014, lilijaza glifu 65,535 zote bila kubakiza hata moja.

*KI-VI (udogo).* Mwakilishi wake ni GNU Unifont, iliyoanzishwa na Roman Czyborra mwaka 1998. Kila herufi ni kijisanduku cha nukta 8 kwa 16 au 16 kwa 16, na chanzo chake ni mstari mmoja wa maandishi: namba ya herufi, nukta mbili, kisha tarakimu 32 au 64 za heksadesimali. Haipendezi machoni, nayo haijawahi kudai kupendeza. Lakini ukiwasha kompyuta na kuona menyu ya GRUB, herufi unazosoma huenda ni zake. Vidogo huamka mapema.

*U (dhahania).* Uhuru, ubure, utata, usumbufu. Katika ngeli hii fonti inaonekana vizuri kwenye skrini, lakini leseni yake haishikiki. Kisa cha kawaida ni maneno "bure kwa matumizi binafsi". Mwongozo wa Programu Huru wa Debian, uliopitishwa mwaka 1997, unakataa katika kifungu cha 6 leseni inayobagua aina ya matumizi. Mwenye duka la kuchapisha kadi za harusi ana haki sawa na bibi harusi. Fonti ya "matumizi binafsi" haiingii katika sehemu kuu ya Debian, hata herufi zake zikimetameta vipi.

Leseni ya OFL (Open Font License), toleo 1.1 la mwaka 2007, ndiyo iliyowaponya wengi, ingawa nayo ina vioja vyake. Inakataza kuuza fonti peke yake, ila inaruhusu kuiuza pamoja na programu. Free Software Foundation ilitafakari sharti hilo na kuamua kwamba halina madhara, kwani programu ndogo kabisa ya kuchapisha salamu kwenye skrini inalitimiza. Aidha OFL inamruhusu mchoraji kuhifadhi jina la fonti, ili atakayeibadilisha aipe jina jingine. Kifungu cha 4 cha mwongozo wa Debian kinalikubali sharti hilo. Kinachobaki ni swali ambalo limewakesheza watu: je, kuijenga upya fonti ileile kwa zana nyingine ni kuibadilisha?

*KU (kitenzi-jina).* Swali hilo linatuingiza katika ngeli ya kujenga. Kifungu cha 2 kinataka chanzo kiwepo. Lakini chanzo cha fonti ni nini? Madhehebu ya kwanza yanasema faili la TTF linafunguka na kuharirika, basi lenyewe ni chanzo. Madhehebu ya pili yanasema chanzo ni kile ambacho mchoraji mwenyewe hukihariri: faili la FontForge, au la Glyphs, programu ya kulipia inayoendeshwa kwenye Mac pekee. Hapo ndipo fonti huru kabisa inapogundulika kuwa imezaliwa ndani ya nyumba yenye kufuli. Zana huria kama fontmake husoma mafaili ya Glyphs na kuokoa jahazi, lakini matokeo yakitofautiana kidogo na TTF ya mchoraji, msomaji arejee swali la aya iliyotangulia.

*PA-KU-MU (mahali).* Ngeli hii ina mfano mmoja mashuhuri: ttf-mscorefonts-installer. Kifurushi hiki cha fonti hakina fonti hata moja. Kina mahali tu. Microsoft ilizitoa Arial, Georgia, Verdana na wenzake kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, kwa masharti kwamba zisambazwe zikiwa katika mafaili yake ya awali bila kuguswa. Debian haiwezi kuzifungasha, basi imefungasha maelekezo ya kuziendea, nayo yakawekwa katika sehemu ya "contrib". *Pa* ni seva mahsusi zinakohifadhiwa. *Ku* ni safari ya mtandaoni. *Mu* ni diski yako, ambamo zitaingia ukishakubali masharti usiyoyasoma.

3. Upatanisho wa kisarufi

Ngeli bila upatanisho ni orodha tu. Katika kifurushi, faili la debian/copyright lazima lipatane na leseni, leseni ipatane na chanzo, na jina lipatane na desturi: zamani ttf-, siku hizi fonts-, likifuatiwa na mtengenezaji kisha fonti, kama fonts-sil-andika. Kosa baya kuliko yote ni lile ambalo fonti inajipinga yenyewe. Ndani yake mna jedwali linaloitwa OS/2, na humo mna uga wa fsType unaoeleza kama fonti inaruhusiwa kupachikwa katika nyaraka. Leseni inasema "chukua, badili, gawa". Uga, ulioachwa na programu ya kuchorea, unasema "marufuku". Programu ya ukaguzi ya lintian hulikamata kosa hili na kulitaja jina, nayo haijui aibu.

4. Jaribio la ng'ombe

Kiswahili cha herufi za Kilatini kinatosheka na ASCII, jambo linalotufanya tuamini kwamba fonti yoyote inatufaa. Tuandike "ng'ombe". Yunikodi inatupa ritifaa tatu: U+0027 ya kibodi, U+2019 iliyopinda, na U+02BC ambayo kwa hakika ni herufi. Ya tatu ndiyo inayoendana na "ng'" kwa kuwa ni sehemu ya sauti, na ndiyo inayokosekana katika fonti nyingi. Ikikosekana, fontconfig huiazima kwa fonti nyingine, na ng'ombe anaota pembe ya zizi la jirani. Majirani zetu wana jaribio gumu zaidi. Kilingala huweka alama ya toni juu ya ɛ, na Yunikodi haina namba moja ya ɛ́. Ni herufi mbili zinazopandana. Fonti isiyo na vishikizo katika jedwali lake la GPOS huitupa alama pembeni.

5. Mapendekezo

Mchoraji anayetaka kuingia A-WA aweke faili la leseni penye kuonekana, atoe chanzo anachokihariri mwenyewe, na aweke fsType kuwa sifuri. Mfungashaji naye atangaze nia yake kwa ripoti ya ITP (Intent to Package). Fomu yake itamtaka jina, toleo, mwandishi, leseni, na hata lugha ya programu iliyotumika. Kama herufi zinasomeka, haiulizi.