Mwongozo kwa Anayetaka Kujenga Chumba cha Mwanga na Sauti

Umeamua. Hutaki tena picha za kutundika ukutani. Unataka chumba cheusi ambamo mtu akiingia taa zinamwamkia, akinyoosha mkono sauti inamjibu. Wenyewe wanaita instalesheni. Hongera. Fuata hatua hizi kwa utaratibu wala usiruke hata moja, maana hata ukiruka utafika palepale.

Anza na jina. Lisieleweke haraka. "Chumba Chenye Taa" halipati hela. "Mwangwi wa Nafsi II" linapata, hasa kwa ajili ya hiyo II, na hakuna atakayekuuliza iliko ya kwanza. Kisha andika maelezo ya msanii, ukurasa mmoja, na uhakikishe maneno "mwili", "nafasi" na "kumbukumbu" yanakutana katika kila aya. Andiko la mfadhili ni jambo jingine: huko weka vijana, wanawake na tabianchi. Usikosee faili wakati wa kutuma.

Taja wakubwa. Olafur Eliasson aliweka jua la bandia ndani ya Tate Modern, London, mwaka 2003, kwa taa za njano, ukungu na vioo darini. Walikwenda watu zaidi ya milioni mbili, na wengi wakalala chali sakafuni wakijitazama juu. Rafael Lozano-Hemmer, mwaka 2006, alitundika balbu zinazopepesa kwa mapigo ya moyo wa anayeshika kishikio. Kundi la Random International, mwaka 2012, lilinyesha mvua ndani ya Barbican, London, mvua inayokoma pale tu uliposimama, na watu wakapanga foleni kwa saa nyingi. Hili la tatu usiliige. Dar es Salaam mwezi wa nne watu wanaikimbia mvua bure.

Usisahau teamLab, ambao walipofungua jumba lao Tokyo mwaka 2018 walikuwa na projekta 470 na kompyuta 520. Wewe una projekta moja, ya kuazima kanisani, na inatakiwa irudi kabla ya ibada ya Jumapili. Kwenye andiko sema "vifaa shirikishi".

Sasa nunua giza. Taa utazipata Kariakoo kwa mita, lakini giza haliuzwi, na ndilo litakalokumaliza. Chukua kaniki, nyingi kuliko ulivyopiga hesabu. Ziba madirisha. Ziba mwanya wa chini ya mlango. Ziba na yale matundu ya hewa karibu na dari. Rudi nyuma ukatazame: umepata giza, na umepata tanuri. Ni mwezi wa pili, saa nane mchana, na jasho linakudondokea kwenye waya uliotoka kuutia lehemu.

Hapo ndipo utakapokifahamu kihisi chako. Ulinunua kile cha bei poa, kinachofungwa kwenye taa za kibarazani. Kile hakimwoni mtu. Kinachoona ni joto linalosogea, joto la mwili likipita mbele ya ukuta uliopoa kuliko mwili. Ukuta ukikaribia nyuzi 37, kwake yeye mtu na ukuta ni ndugu. Mgeni wako wa majaribio atasimama katikati akipunga mikono kama anayesimamisha daladala iliyojaa, na hakuna kitakachowaka. Mwambie ndiyo dhana yenyewe. Anaweza kukubali mara moja tu.

Usiku wa kuamkia ufunguzi utakitupa kihisi na kutumia kamera ya kompyuta isome mwendo. Vizuri. Ila kamera ya kawaida inahitaji mwanga ili ione, na mwanga umeshauziba kwa kaniki. Toboa kidogo.

Umeme upigie hesabu mapema. Utepe wa taa za LED za rangi, zile zenye taa 60 kila mita, ukiuwasha mweupe wote kwa volti 5 unaweza kula amperi 3.6 kwa mita. Mita tano ni amperi 18. Chaja ya simu uliyoitenga kwa kazi hiyo inatoa 2. Hata ukipata chanzo cha kutosha, ukiingiza umeme upande mmoja tu, volti zinapungua njiani: mwanzo wa utepe unakuwa mweupe, mwisho unageuka mwekundu wa kutia huruma. Dawa yake ni kuingiza umeme pande zote mbili. Ukishindwa, sema ni machweo. Kazi nyingi za machweo unazozijua zilianza hivyo.

Kuhusu sauti, rekodi mawimbi ya bahari. Kila mtu anarekodi mawimbi, usijitie kiburi. Weka spika nne, moja kila pembe, ili sauti izunguke. Umeme utakatika, na jenereta la ukumbi litanguruma nyuma ya ukuta. Watazamaji watatoka wakiisifu ile sauti nzito ya chini, wakijipapasa kifua kukuonyesha ilipowagusa. Pokea sifa kwa unyenyekevu, na usimruhusu mtu kulizima mpaka waandishi wa habari waondoke.

Tufike kwenye ufunguzi, maana huko nyuma kote ilikuwa mazoezi. Kadi imesema saa kumi na mbili jioni. Mgeni rasmi atafika saa mbili kasorobo, na mpaka hapo sambusa zitakuwa zimeisha. Mshereheshaji atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataizingatia upya, jina kwa jina. Utepe utakatwa. Watu thelathini wataingia gizani nyuma ya mgeni rasmi, nao watafanya walichofundishwa tangu shule ya msingi: kusimama wima, mikono mbele, kimya. Hakuna atakayesogea kabla ya mkubwa. Mkubwa hasogei kwa sababu anasubiri kuonyeshwa pa kusimama. Na kazi yako, ambayo ulipanga kila anayesogea awashe mita moja ya utepe, haioni mwendo wowote, kwa hiyo inalala.

Utamsogelea na kumnong'oneza, "Mheshimiwa, unaweza kucheza kidogo." Usifanye hivyo. Mtu mzima hachezi mbele ya wapiga picha, na wewe umelelewa, unajua.

Mshereheshaji ndiye atakayekuokoa. Akiona ukimya umezidi atasema, "Jamani, makofi kwa msanii wetu!" Mikono sitini itapiga kwa pamoja. Kamera itauona mwendo wote kwa mkupuo, kila utepe utawaka mweupe, na kwa muda wa kama makofi matatu utaiona kazi yako kama ulivyoiota. Kisha fyuzi. Mtabaki kwenye lile giza ulilolinunua, na wote watadhani ndiyo mwisho uliopangwa. Watapiga makofi tena. Usiwakatize.

Kesho yake watoto wa mtaani wataingia bure na kuielewa kazi nzima kwa dakika mbili, mpaka mlinzi abandike karatasi ya USIGUSE kwenye nguzo uliyoitengeneza iguswe. Usibishane naye. Yeye anao ufunguo.

Mwisho utaletewa kitabu cha wageni. "Kazi nzuri, Mungu akubariki." "Imenikumbusha mbali." Na mmoja ataandika kwa mwandiko wa haraka: "Choo kiko wapi?"

Mjibu. Kiko nyuma, mlango wa kushoto, dirisha lake liko wazi na kuna ubaridi. Taa yake inawaka yenyewe mtu akiingia, inazima akitoka. Aliifunga fundi wa jengo, kwa kihisi kilekile cha bei poa, na tangu aifunge haijakosea.