Pongezi kwa Godoro: Barua ya Wazi kwa Wizara Yenye Dhamana ya Kazi

Waheshimiwa,

Naanza kwa pongezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Hesabu imenyooka. Kikwazo ni mgongo tu, ambao haukuisoma sheria: unauma leo, kesho unaachia, keshokutwa unakaba tena. Karatasi zetu zinamjua binadamu wa aina mbili, mwenye ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi) aliyeamriwa kulala, na mzima aliyeamriwa kubeba. Katikati hapana mtu. Mpakiaji wa ghalani aweza kulala wiki sita kwa amri ya daktari, na asubuhi ya kurudi akalikuta gunia la viazi limesimama pale pale linamngoja, kwa uvumilivu ambao ofisi nyingi za umma zingeuonea wivu.

Na gunia lenyewe si la kitoto. Vita dhidi ya lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, vinastahili sifa, ila tukumbuke kilichopiganiwa: gunia lisizidi kilo 100. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja ushushwe hadi kilo 55. Maana yake hata mfanyabiashara mtiifu kuliko wote, mwenye mzani uliokaguliwa, anamtwika kuli mmoja mzigo wa watu wawili. Mkulima kalindwa asipunjwe. Kiuno cha kuli hakikuwa na mwakilishi kikaoni.

Sasa godoro. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya jaribio kwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliokuwa wameshikwa na mgongo. Wengine walilazwa kitandani siku 2, wengine wakapewa mazoezi ya mgongo, wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yanavyoruhusu. Hao wa mwisho ndio waliopata nafuu upesi. Miaka miwili baadaye, huko Quebec, Kanada, watu waliokuwa nje ya kazi zaidi ya wiki 4 walirudi kwenye kazi zao za kawaida kwa kasi ya zaidi ya mara mbili walipounganishiwa matibabu na ziara ya mtaalamu kazini kwao, kuangalia wanavyoinama na kunyanyua. Mtaalamu alikwenda ghalani! Sisi tunampeleka mgonjwa kwenye MRI, anarudi na habari kwamba diski zimechakaa. Zimechakaa, ndiyo, kama zilivyo kwa watu 37 kati ya 100 wenye miaka 20 wasioumwa popote, na 96 kati ya 100 wenye miaka 80. Lakini akishaambiwa pingili zimesagika, haokoti tena hata kijiko. Misuli inalegea, na kiuno kinazidi kuuma.

Mtasema iko migongo yenye ugonjwa hasa. Ipo: kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani, ganzi ya mapajani na mkojo usiozuilika. Wenye hayo wakimbizwe hospitali. Wengi wenye maumivu sugu hawamo humo. Mtasema pia mwajiri ataigeuza kazi nyepesi kuwa fimbo, na hapo nawaunga mkono kabisa, maana kwa msimamizi wa ghala kazi nyepesi ni magunia machache. Ndiyo maana iandikwe: wiki ya kwanza saa nne kwa siku, ahesabu magunia na kusoma mzani, mshahara usiguswe, na tarehe ya kupima tena iwekwe. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri afikirie kurekebisha kazi kabla ya kumwachisha mgonjwa. Lakini hilo linakuja mlangoni pa kutokea, wakati mtu kashaoza kitandani miezi minne. Kuli wa sokoni, asiye na mkataba wala ED, simhubirii kurudi mapema. Huyo hakuwahi kuondoka. Anachoma sindano ya diklofenaki na kurudi chini ya gunia. Yeye anahitaji gunia dogo.

Ombi langu ni la kiofisi tu. Kwenye kikaratasi cha ED, chini ya “Apumzike siku…”, ongezeni mstari mmoja: “Anaweza kufanya…”. Uingereza walibadilisha karatasi yao Aprili 2010, wakampa daktari nafasi ya kupendekeza kurudi taratibu, saa pungufu, majukumu tofauti au marekebisho ya mahali pa kazi. Dola haikuanguka.

Jibu lenu mwaweza kulituma kwa mkono wa mtu, mradi lisizidi kilo 55.

Ni mimi,
Mlipakodi