Kadhia ya Saa Nane Mchana

Nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilijengwa na watu waliochelea joto na majirani kwa kiasi kimoja, kwa hiyo kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa dhiraa nzima, wala hazipitishi jua, wala umbeya, wala, kama nilivyokuja kutambua baada ya kulipa, mawimbi ya ile ruta ambayo kijana wa kampuni aliitundika sebuleni chini, ilhali kompyuta yangu iko chumba cha juu, mahali nilipopachagua kwa ajili ya faragha. Fundi akanitajia bei ya kutoboa ukuta. Nikamjibu, kwa ukali wa mtu aliyeishi miaka mingi na salama bila ya intaneti, kwamba waya nitauvuta mwenyewe. Na kweli niliuvuta, ukapanda ngazi, ukapita chini ya mlango wa chumba, na kwa miezi miwili hivi hapakuwa na mgeni aliyekunywa kahawa kwetu asionyeshwe kazi ile.

Kisha likazuka jambo la kustaajabisha. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mke wangu anapokwenda kujinyoosha chumba cha pili nami nikaketi kusoma magazeti, mtandao hukata roho. Na ikifika alasiri, bila ya kuguswa na mtu, hufufuka.

Sikukosa wa kuwatuhumu. Nililituhumu jua la adhuhuri, kisha nikaituhumu kampuni, ambayo niliamini kwa yakini kwamba hutupunguzia sisi wateja wa bei nafuu ili iwaongezee watu wa maofisini. Na tuhuma za nchi kavu ziliponiishia nikaingia baharini. Mwaka 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, umelala chini ya maji kiasi cha kilomita 5,000, na Mei 2024 nyaya mbili nyingine zilipokatika huko kusini watu wengi wa Afrika Mashariki walikaa wakitazamana; basi haikunipa tabu kusadiki kwamba yupo papa fulani, mtaratibu, mwenye kushika saa, ambaye hula chakula chake cha mchana nikishamaliza mimi changu.

Nikampigia simu binti wa kampuni. Baada ya zumari iliyolia nusu saa, alinipokea kwa adabu nyingi, akanitaka niizime ruta, nihesabu mpaka thelathini, niiwashe. Niliteremka ngazi, nikazima, nikahesabu, nikawasha, nikapanda. Nikaukuta mtandao umerudi, nikamshukuru binti wa watu, nikaufunga mlango ili nisimwamshe aliyelala, mtandao ukafa. Tulifanya hivyo siku nne mfululizo, na goti langu la kulia halijanisamehe hadi leo.

Siku ya tano nikaazimia kuwa tabibu mwenyewe. Nikafungua lile dirisha jeusi ambalo vijana huandikia amri, nikaitazama anwani ya kompyuta yangu, nikaona 169.254 na tarakimu nyingine nyuma yake, nikafurahi kwamba angalau anwani tunayo. Sikujua kuwa hiyo ndiyo anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikiwa imebisha hodi kwa ruta isijibiwe, mfano wa mtu aliyefika harusini bila ya mwaliko, asionyeshwe pa kukaa, akaketi jikoni na kujiita bwana harusi. Halafu nikapiga pingi, yaani nikatuma salamu za kupima njia, kwenye 127.0.0.1, namba niliyoikuta katika daftari la zamani la mpwa wangu; yakarudi majibu manne kwa pupa, kila moja chini ya milisekunde moja. Nikamsimulia mpwa wangu bishara hiyo kwenye simu.

"Mjomba," akasema baada ya kunyamaza kidogo, kwa ile sauti ambayo watu huitumia wanapomzuru mgonjwa, "hiyo ni kompyuta yako mwenyewe. Umebisha hodi kwako, ukajiitikia karibu."

Akaja Jumamosi, saa nane. Alituamkia, akasema ameshiba, akala sahani mbili za wali wa nazi, kisha akapanda juu. Kompyuta hata hakuigusa. Alichuchumaa nyuma yake, akaikodolea macho taa ndogo ya kijani iliyo penye tundu la waya, akaniambia nifunge mlango. Nikausukuma kwa bega, maana siku hizo ulikuwa haufungiki bila ya bega. Taa ikapepesa mara mbili tatu, ikazimika. "Fungua, mjomba." Ikawaka. Tukafunga na kufungua mara sita, mimi nikiwa bawabu wa nyumba yangu mwenyewe, hata mke wangu akatoka, leso kichwani, akiuliza ni nani huyo anayeutesa mlango ambao yeye kwa wiki tatu amekuwa akiniambia una kizuizi, nimwite seremala, nami kwa wiki tatu nimekuwa nikimwomba aniache kwanza niimalize balaa ya mtandao.

Mpwa wangu akauvuta waya kutoka chini ya mlango, akatuonyesha. Ulikuwa umelala bapa kama ukindu, ganda limechanika, na ndani, miongoni mwa nyuzi nane, ule wa chungwa na mwenziwe mweupe wenye mlia wa chungwa zilikuwa zimebaki shaba tupu, zikigusana kila zilipobanwa na kuachana mlango ulipofunguliwa. Maneno yaliyovuka bahari yote ile bila ya kudhuriwa na papa yalikuwa yakiuawa kizingitini pangu.

Akaukata pale palipoharibika, akazipanga nyuzi kwa rangi zake, chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, buluu, buluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia, huku akizinyoosha kwa kucha kama mwanamke anayepanga miyaa ya mkeka, akazibania kichwa kipya kwa koleo lake, na waya wenyewe akaupitishia dirisha la ukumbini, ukatosha kwa shubiri moja.

Mke wangu akaujaribu mlango kwa kidole. Ukafungika. Hakusema neno, nami nikakumbuka ghafula kwamba yule binti aliniahidi mafundi siku ya Jumatatu, nikateremka sebuleni kumpigia wasijisumbue. Na haya nayaandika kwa kalamu, mkono wa pili umeishika simu sikioni, zumari ingali inalia.