Ekzosi Mpya ya Mpwa Wangu

Mpanda hakuna kijana anayenunua pikipiki akaiacha ilivyotoka kiwandani. Wahandisi wa India wamehangaika miaka wakipima kila boliti, meli imevuka bahari, lori limepita Tabora, na siku chombo kinaposhushwa hapa mjini kijana anakizunguka, anakitazama kwa huruma, anasema, "Hii bado." Bado nini, haelezi. Anaisukuma kwa fundi.

Mpwa wangu ni wa kundi hilo. Pikipiki niliyomsaidia kununua ili abebe abiria wa Makanyagio ilianza kufunguliwa kabla nailoni ya kwenye kiti haijabanduliwa. Alianza na honi. Ya kiwandani, alidai, haina heshima, akafunga ya lori. Sasa mji huu umelelewa na honi ya treni tangu enzi za Waingereza, walipovuta reli kutoka Kaliua kuja kufuata madini ya risasi. Siku ya kwanza alipoibonyeza karibu na stesheni, mama mmoja msafiri wa Tabora aliacha chai inafuka mezani akatoka mbio na ndoo ya asali kichwani.

Honi ya lori inakula umeme wa lori. Fyuzi ikaungua. Fundi akaichomoa, akapachika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaapa kuwa haitaungua tena. Na kweli haikuungua. Zilizoungua ni nyaya.

Ikafuata sproketi. Ya mbele ilikuwa na meno 14 na ya nyuma 42, maana yake ile ndogo izunguke mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Fundi akaweka ya meno 16. Kwa hesabu, injini ikizunguka kasi ile ile, pikipiki inakwenda zaidi kwa asilimia 14 hivi, na kijana wangu aliitangaza asilimia hiyo kijiweni hadi wenzake wakachoka. Hakuambiwa kwamba imekatwa kwenye nguvu ya kuondokea. Akibeba mwanafunzi mwembamba, sawa. Akinibeba mimi, lazima tuanze safari kwa kupiga miguu chini, wote wawili.

Lakini ekzosi ndiyo iliyotufikisha pabaya. Ya kiwandani ina vyumba ndani vinavyoutuliza moshi kabla haujatoka. Mpya ilikuwa bomba tupu lenye mdomo wa rangi ya dhahabu. Moshi ukitoka kirahisi namna hiyo, hewa inazidi petroli ambayo kabureta imepangiwa kutoa, na dereva akiachia mafuta ghafla, kile ambacho hakikuungua ndani ya injini kinakwenda kuungulia kwenye bomba. Inalia pa! Kavu kabisa, ya bunduki. Dawa ni kubadilisha jeti ya kabureta, fundi mwenyewe alisema, ila jeti ilikuwa bado iko njiani kutoka Mwanza. Ndivyo vilivyo vifaa hivi: kila kimoja kina ndugu aliyebaki nyumbani anayesubiri kutumiwa nauli.

Basi jeti haijafika, harusi ya Kibaoni ikafika.

Kutoka Mpanda kwenda Kibaoni huikwepi Sitalike, kijiji cha ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, penye mto Katuma na viboko wake. Kwingine pa! ni kelele tu. Sitalike pa! ni kesi. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1974, ina kilomita za mraba 4,471, na majangili wameisumbua vya kutosha. Jina lenyewe ni la Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye wazee husema anakaa kwenye mkwaju kando ya ziwa. Mpwa wangu alipoachia mafuta kuingia kijijini, nadhani hata yeye aligeuka.

Askari wa wanyamapori walitokea pande zote, wengine siwezi kusema walikuwa wamejificha wapi.

"Bunduki iko wapi?"

"Ni ekzosi, afande."

Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi, alitabasamu kwa uchungu. Alisema amekaa porini tangu kijana huyu hajazaliwa na mlio wa gobore anaujua. Wakapekua begi la harusi: doti za kanga, sufuria, na viatu vyangu vya ngozi, ambavyo vilichunguzwa hadi ndani. Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Ngoja niwaonyeshe." Akawasha, akavuta mafuta, akaachia. Pa! Vijana wa doria wakalala chini, muuza samaki akalala juu ya samaki wake. Yule mzee peke yake alibaki wima, ameinamisha sikio. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ndiyo ekzosi," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa gobore."

Ilichukua muda kumaliza ubishi huo. Mwishowe walituruhusu kupita kwa sharti moja: ndani ya hifadhi, kijana asiachie mafuta ghafla. Sharti jepesi, isipokuwa barabara ina matuta. Kupunguza mwendo ni kulipua, kutopunguza ni kuruka, na mjomba wa watu yuko nyuma ameshika sufuria. Tuliruka.

Na bado sijasema habari ya stika. Wanaopambana na mbung'o hutengeneza mitego yao kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, kwa kuwa hizo ndizo rangi zinazomvuta mdudu yule, na kitu kinachotembea humvuta zaidi. Tenki letu lilikuwa jeusi, stika za bluu, na nyuma kimening'inia kipande cha plastiki cha bluu cha kuzuia tope. Mbung'o wa Katavi walituandama kwa moyo mmoja, na sindano yao haijali shati la harusi. Nilifika Kibaoni nimevimba hivi kwamba shangazi wa bibi harusi alinipa pole ya msiba.

Wiki iliyofuata niliongozana na kijana hadi kwa fundi, nikaomba turudishiwe ya kiwandani. Fundi aliniamkia vizuri, shikamoo mjomba, akaingia ndani, akatoka na ekzosi imefungwa kwenye gazeti, imesuguliwa inang'aa. Akataja bei. Ilikuwa juu kuliko ya lile bomba la dhahabu.

"Hii ni orijino, mjomba. Siku hizi hazipatikani."

Nikaigeuza. Ubavuni kulikuwa na mkwaruzo ninaoujua, wa siku ile pikipiki inashushwa kwenye lori.

"Fundi, hii si ndiyo ya kwetu?"

"Ndiyo maana nimewawekea nyie," alisema. "Angekuwa mtu mwingine, ningeshaiuza."