Kwa Wenye Makundi na Wenye Kuchoka Nayo

Barua zilizofika mezani petu juma hili, ukiiondoa moja iliyouliza dawa ya mchwa, ambayo tumeipeleka kwa fundi seremala, zote zinahusu makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Na waandishi wake, kila mmoja kwa kiasi chake cha ghadhabu, wanalalamikia jambo moja, nalo ni kwamba chombo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wengi kimegeuka kuwa mzigo. Tunawajibu kwa zamu.

“Mheshimiwa Mshauri, baada ya salamu. Niliongoza kamati ya harusi ya mdogo wangu, na kundi letu la michango lilipindukia watu mia mbili. Harusi imepita, bibi harusi sasa ananyonyesha, lakini kundi lingali hai: asubuhi maua na dua, jioni viwanja vya Kigamboni vinavyouzwa kwa mkopo. Nikilivunja nitaambiwa nimewatumia watu kisha nikawatupa. Nifanye nini? Ni mimi, Mwenyekiti Mstaafu, Tabata.”

Bwana Mwenyekiti, kabla hatujalihukumu kundi, ni insafu tukumbuke jinsi lilivyozaliwa. Watu wale mia mbili hawakubisha hodi. Waliingizwa na wewe mwenyewe, wengine wakiwa usingizini, ulipokuwa ukipekua majina ya simu yako tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho. Na ijapokuwa tangu mwaka 2019 kila mtu anaweza kuchagua katika mipangilio yake nani awe na ruhusa ya kumtia kundini, wachache wanaujua mpangilio huo ulipo, na wanaoujua huona haya kuutumia, maana ndugu atakayezuiwa ataiuliza sababu yake hadharani kwenye msiba ujao. Kisha ikaja orodha. Kila jioni mweka hazina aliinakili upya yote, jina, ahadi, taslimu na alama ya tiki ya kijani, ili mtu mmoja aliyeleta elfu thelathini aonekane na wote. Na yule aliyeahidi laki moja siku ya kikao cha kwanza, akiwa amekwisha kushiba pilau, jina lake likabaki katika orodha miezi mitatu bila tiki, kama nguo iliyosahauliwa kambani wakati wa mvua.

Watu waliofanyiwa hivyo hawabaki kundini kwa mapenzi ya maua. Wanasubiri hesabu. Katika barua yako ndefu, Bwana, umetaja maua, dua, viwanja na mtoto mchanga, lakini hukutaja popote kwamba kamati ilipata kueleza fedha zilizoingia ni kiasi gani, ukumbi ulichukua ngapi, chakula ngapi, mpambaji na mshereheshaji ngapi, na kilichosalia kimelala wapi. Kundi la michango halifi mpaka hesabu ifungwe. Na maadam haijafungwa, muuza viwanja ana haki ya kudhani kwamba pale ni sokoni.

Basi itoe hesabu kwa maandishi, si kwa sauti iliyorekodiwa ya dakika saba ambayo hakuna atakayeifikisha mwisho. Wape watu siku tatu za kuuliza. Zikipita, lifunge kundi ili wasimamizi peke yao waweze kutuma, jambo linalowezekana tangu mwaka 2018, uandike shukrani ya mwisho, kisha uwatoe watu mmojammoja, kazi ya kuchosha ambayo itakufunza kutowaingiza wengi hivyo tena. Tahadhari na jambo moja: usijiondoe wewe kwanza. Ukiwa ndiwe msimamizi wa pekee, programu yenyewe itamteua mwanachama mwingine kushika nafasi yako, na bahati ya namna hiyo, kwa tunavyoijua, humwangukia muuza viwanja.

Waraka wa pili umetoka kwa katibu wa klabu ya mpira ya mtaani huko Tanga, ambaye ametuomba tusilitaje jina la klabu, nasi tumelisitiri. Anaeleza kwamba ukurasa wao wa Facebook ulifunguliwa na kijana mmoja hodari, akaupamba kwa picha za mechi kwa miaka mingi bila malipo wala asante, hata siku ya uchaguzi alipoachwa nje ya kamati. Naye akaondoka na ukurasa. Sasa matokeo ya mechi hayaonekani tena humo, bali habari za mwenyekiti, nazo si njema. Katibu anauliza kama waende polisi.

Ndugu Katibu, polisi watakuuliza ukurasa ni wa nani, nawe utasema ni wa klabu, nao watakuomba karatasi. Unayo? Ukurasa wa Facebook hauna nywila yake wenyewe; kila anayeuendesha huingia kwa akaunti yake binafsi, na mwenye mamlaka kamili aweza kuwaongeza wengine au kuwaondoa. Nyinyi mliridhika miaka yote mamlaka hayo yawe mikononi mwa mtu mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na bando, na hakuna kikao kilichopata kuandika katika muhtasari wake kwamba amewekewa amana. Twakushauri umtume mzee anayemheshimu, asiyekuwa katika kamati, aende na maneno mawili: la kwanza ni asante iliyocheleweshwa, la pili ni ombi kwamba awaongeze watu wawili wenye mamlaka sawa na yake. Wawili watosha. Kamati zilizompa kila mjumbe ufunguo tumeziona, na kurasa zake hutangaza mechi moja kwa saa tatu mbalimbali. Kijana akikubali, mwacheni aendelee kupiga picha, maana kwa maelezo yako hakuna mwingine ajuaye. Tena iangalieni na namba ya simu ya klabu. Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mtu ni ya mtu huyo, na akaunti ya WhatsApp huifuata laini. Sajilini nyingine kwa jina la klabu kabla hamjagombana na mwenye hiyo.

Bibi mmoja wa Mombasa, msimamizi wa kundi la wakazi wa mtaa, anauliza kama atashtakiwa kwa uvumi unaotumwa na wengine usiku wa kuamkia uchaguzi. Bibi, sisi si mawakili. Twajua hili: mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na tume ya uwiano wa kitaifa walitoa mwongozo uliomtwika msimamizi jukumu la kuyadhibiti yanayosemwa katika jukwaa lake, na upande wa Tanzania iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomtazama kwa jicho kali mtangazaji wa habari za uongo. Ama uvumi wenyewe, ujumbe wenye mishale miwili umekwisha kupita mikono mingi, na tangu mwaka 2020 hauruhusiwi kupelekwa ila sehemu moja kwa wakati mmoja. Mwenye pupa, hata hivyo, huunakili akaubandika kama wake. Msimamizi anaweza kuufuta mbele ya wote, na kila mtu ataona kwamba umefutwa na msimamizi. Ufute, umwandikie aliyeutuma faraghani, ukalale. Majadiliano ya saa sita za usiku na mtu aliyeupata ukweli kwa binamu wa jirani yake hayajapata kumnufaisha yeyote.

Ya mwisho imetoka Muscat, kwa kijana wa ukoo uliotawanyika baina ya Unguja, Oman na Toronto, ambao kundi lao, kwa tofauti za saa, halilali kabisa. Amechoka na stika za waridi zenye kumeremeta, naye amesikia kwamba mtu aweza kujitoa kundini pasipo kelele. Amesikia sawasawa, Ndugu. Tangu mwaka 2022 anayejitoa hatangazwi tena kwa wote, bali habari humfikia msimamizi peke yake. Lakini msimamizi wa kundi lenu, kwa maelezo yako mwenyewe, ni shangazi yako. Baki. Zima sauti.